Nani Anafunga Mlango wa Mashine

Mama Mikate alioka mikate kwa miaka thelathini na mmoja, na mwili wake ulikuwa bado haujapata habari kwamba amestaafu. Saa kumi alfajiri macho yalikuwa kodo. Kidole gumba kilibonyeza kila kitu laini kilichokipitia, uwe mto, iwe sponji au shavu la mjukuu, kupima kama kimeumuka. Mwanawe alipenda kumtania kwamba hata milango bado anaifunga kwa nyonga, kama milango ya tanuri, maana mwokaji mikono yake imejaa trei za moto na hana wa kumsaidia. Mama Mikate alicheka, kisha akakana. Alisema hayo ni mambo ya kumtilia chumvi mtu mzima.

Huyo mwanawe alikuwa mchimbaji wa visima, kazi ya mbali, ya kurudi nyumbani kila baada ya miezi miwili. Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Mama Mikate aliitwa aje kumwangalia mtoto wao, binti wa miaka miwili na nusu, ambaye nyumba nzima ilimwita Kijiko kwa sababu hakukubali kuachana na kijiko chake cha bati, alale au aoge.

Bibi alimpenda mjukuu, hilo halina mjadala. Ila kilichomteka siku ya kwanza ni mashine ya kufulia. Ilikaa kwenye ujia mwembamba kati ya jiko na ua wa kuanikia, nyeupe, na mlango wa kioo wa duara kifuani. Alivuta kigoda akaitazama ikifua tangu mwanzo mpaka mwisho, saa nzima na dakika kumi, viazi vyake vikimngoja jikoni.

"Mbona inazunguka kulia, halafu inasimama kama imesahau kitu, halafu inazunguka kushoto?" alimuuliza mkwewe.

"Sijui, Mama. Ndivyo inavyofua."

"Na mbona maji ni kidogo hivyo? Nguo zote hizo na maji hayafiki hata nusu?"

Muuguzi alikiri kwamba amekaa na mashine hiyo miaka minne na hajawahi kujiuliza. Mama Mikate alimhurumia. Kukaa na kitu cha ajabu namna ile miaka minne bila kukiuliza swali, aliona ni kama kuishi na mgeni bila kumsalimu.

Wiki ya tatu ndipo harufu ilipoanza. Pua ya mwokaji haidanganyiki, na Mama Mikate aliitambua mapema kuliko wote: ukungu, ule wa gunia la unga lililolowa chini. Kwanza ilikuwa kwenye taulo, kisha shuka, kisha sare nyeupe za mkwewe. Walipunguza sabuni. Wakafua na maji ya moto mashine ikiwa tupu. Harufu iliondoka siku mbili, ikarudi na virago vyake. Alhamisi moja muuguzi alirudi kutoka kazini amenuna. Msimamizi wa wodi alikuwa amemvuta pembeni na kumwambia, kwa upole uliouma kuliko ukali, kwamba mzazi mmoja amelalamikia harufu ya sare yake.

Kesho yake akaitwa fundi wa mashine. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye desturi ya kuzungumza na mashine kabla ya kuzungumza na wenyeji. Mama Mikate alivuta kigoda akaketi karibu naye, na Kijiko akaja kusimama katikati yao.

"Kwanza tunachomoa waya wa umeme," fundi alisema. "Mkono wenye maji haufanyi urafiki na umeme."

"Na hako kamlango ka chini ni ka nini?"

"Hapa kuna chujio, Bibi. Linashika takataka zisiende kwenye pampu." Akatandika kitambaa, akakinga sinia, akalegeza kifuniko polepole mpaka maji yaliyobaki yakatoka. Ndani ya chujio kulikuwa na vifungo viwili, pini ya nywele na kitu ambacho zamani kilikuwa soksi. "Kila mwezi mlifungue, mlioshe. Lakini harufu yenu haitoki hapa."

Akavuta ule mpira wa kijivu unaozunguka mdomo wa mashine, akaukunjua. Kwenye mkunjo wake kulikuwa na maji yaliyolala na madoadoa meusi. Mama Mikate aliinama mpaka pua yake ikakaribia kuugusa, akainuka na kutikisa kichwa. Ndio ule ule ukungu wa gunia.

"Mkimaliza kufua, mnaufunga mlango?" fundi aliuliza.

"Mimi nauacha wazi kila siku," muuguzi alisema. "Na mpira naupangusa."

"Leo nimeukuta umefungwa, na ndani kuna unyevu."

"Mama, wewe huufungi?"

"Mimi? Niufunge kwa nini?" Mama Mikate alijibu kwa moyo mweupe kabisa, na kiapo angekula.

Wote watatu wakatazamana, kisha macho yao yakateremka taratibu mpaka kwa Kijiko, ambaye wakati huo alikuwa akiipiga mashine kwa kijiko chake na kusikiliza inasema nini.

Fundi aliacha kutabasamu. "Huyu anauchezea mlango huu? Basi kaeni chonjo. Mtoto akiingia humu na mlango ukajifunga, kwa ndani haufunguki. Na sauti haitoki vizuri."

Muuguzi alikuwa ameona mengi katika wodi ile, na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Jioni, mtoto alipolala, alimwambia mama mkwe wake kwamba amekata shauri. Jumatatu Kijiko ataanza kwenda kituo cha kulelea watoto, na Mama naye akapumzike nyumbani kwake. Alilisema kwa heshima zote. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba mtoto wa umri huo anataka miguu yenye mbio.

"Sawa, mwanangu," Mama Mikate alisema. Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili na pengo jeusi ukutani mahali tanuri liliposimama. Hapakuwa na shavu la kubonyeza. Aliumia, na zaidi ya kuumia alishikwa na udadisi uliomnyima usingizi: mtoto asiyeweza kuvaa kiatu chake mwenyewe, anaufungaje mlango ule mpaka ukalia pa? Na kwa nini yeye, ambaye macho yake hayambanduki, hajamwona hata mara moja? Alikuwa na Jumamosi na Jumapili za kupata jibu.

Jumamosi muuguzi alifua kabla ya kwenda zamu ya asubuhi, akaacha mlango wa mashine wazi kama kawaida yake. Mama Mikate akachukua unga kiganjani, akaupaka ukingo wa mlango ule kwa wepesi wa vidole, ukingo mzima, kama anayenyunyiza meza kabla ya kukanda. Atakayeugusa atajulikana kwa mikono yake. Alifurahia mtego wake kiasi cha kujichekea peke yake. Angekuwa polisi, alijiambia, mjini pasingebaki mwizi.

Asubuhi ile Kijiko alizunguka jikoni na mdoli wake wa kitambaa, akimlisha hewa kwa kijiko. Mlango wa mashine ulikuwa wazi saa tatu. Ulikuwa wazi saa nne, bibi alipopita na beseni la nguo mbichi kwenda kuanika, ukambidi apite ubavu ubavu maana ulizuia nusu ya ujia. Saa nane alitoka tena kuanua, mara moja tu, akarudi na beseni limejaa mpaka kidevuni. Alilitua mezani, akavuta pumzi, akageuka kwenda kukagua mtego.

Mlango ulikuwa umefungwa.

"Kijiko! Lete mikono."

Mikono ililetwa. Ilikuwa inanata ndizi, lakini unga hapana. Alikagua mikono ya gauni, kifua, magoti, hata kijiko chenyewe alikigeuza huku na huku mbele ya dirisha. Hapana. Akarudi kwenye mashine akapiga magoti. Unga ulikuwa umefutika upande mmoja, sehemu ya juu. Akachungulia kwenye kioo. Mdoli alikuwa ndani, amelazwa chali, amefunikwa na kitambaa cha vyombo.

"Amelala," Kijiko alieleza nyuma yake kwa sauti ya chini. "Usimwamshe."

Kwa hiyo mtoto alifika. Aliweka mdoli kitandani, akaondoka bila kugusa ukingo. Basi nani amemfungia? Mama Mikate alikuwa bado amepiga magoti na swali lake pale mkwewe alipoingia kutoka kazini, akaweka mkoba, akamtazama kutoka nyuma.

"Leo umetuokea nini, Mama? Naona unga umekufika mpaka nyongani."

Alijitazama. Gauni lake lilikuwa la buluu iliyoiva, na juu ya nyonga ya kulia kulikuwa na alama nyeupe, iliyopinda vizuri, upana wa ukingo wa mlango ule.

Hakuna uongo uliowahi kumjia Mama Mikate ukiwa umeshapikwa na kupakuliwa kama ule. Mwokaji na unga, nani angeuliza? Angesema alitaka kuwaokea kitu, akajikung'uta, na mtoto ambaye hawezi kujitetea angeendelea kubeba lawama. Alifikiria hivyo, sitaficha. Alifikiria kwa muda wa kumeza mate. Kisha akamtazama yule mdoli nyuma ya kioo, akakumbuka kwamba alipita pale mikono imejaa, hakuangalia ndani, na hata sasa hakumbuki kama alisukuma. Kama aliyelala mle angekuwa mwenye mdoli, angemsukumia mlango vivyo hivyo, akaenda zake kukunja nguo.

"Sikuoka," alisema. "Ni mimi, mwanangu. Siku zote hizi ni mimi."

Akaeleza yote, mtego, beseni, nyonga, bila kujipunguzia. Alipofika kwa mdoli alinyoosha kidole tu. Muuguzi alifungua mlango, akamtoa mdoli, akaketi sakafuni na sare yake ile ile, akawa amemshika kwa mikono miwili. Kijiko alikuja akamdai mwanawe.

"Nikatie tiketi ya Jumatatu," Mama Mikate alisema. "Una haki. Nimeogopa mwenyewe."

"Jana nilimpiga huyu vikofi mikononi," muuguzi alisema, "nikamwambia akome kufunga mlango. Alinitazama tu." Alijifuta macho kwa kiwiko. "Huko kituoni, Mama, mtu akikosea na mtoto wangu, ataniambia? Ungeweza kuniambia umeoka. Mimi ningeamini, tena ningeuliza keki iko wapi."

Aliinuka, akatazama ujia kuanzia ua mpaka jikoni. Mlango wa jikoni wa kuingilia ujia ule ulikuwa umezuiwa kwa jiwe ili upepo upite, na haukuwahi kufungwa tangu wahamie. Akaliviringisha jiwe kwa mguu mpaka uani. Mchana ule ule akaita seremala, akapiga komeo juu, mahali ambapo Kijiko hafiki hata akipanda kigoda.

"Mlango wa mashine unabaki wazi," alisema. "Ukitaka wa kufunga, Mama, funga huu."

Jumatatu ilikuja ikapita, na hakuna aliyekwenda kokote. Sare zikarudi kunukia jua. Mwisho wa mwezi Mama Mikate alichomoa waya, akakinga sinia, akafungua chujio mwenyewe, akitoa maelezo kwa Kijiko ambaye hakuuliza.

Nyonga haikubadilika. Bado anatoka uani na beseni limejaa mpaka kidevuni, na bado inamwasha kila apitapo kando ya kioo kile. Ila sasa husimama. Hutua beseni, huinama, huingiza mkono mzima ndani ya mashine na kupapasa mpaka nyuma, ingawa macho yameshaona kwamba ni tupu. Halafu hulibeba tena, huingia jikoni na kuita, "Kijiko?"

Hangoji neno. Hungoja mpaka asikie bati likigonga meza. Ndipo huusukuma mlango wa ujia kwa nyonga, pa, akapandisha mkono kutafuta komeo.