Mabuye ya Tochi

Ndikuriyo hakuwahi kulaza betri ndani ya tochi. Akirudi tu kutoka safari ya milimani, alizitoa zote tatu, akazifunga kwenye kitambaa kikavu, kisha akasugua springi kwa majivu mpaka ing'ae. Hata njiani alizibeba pembeni hadi giza liingie. Zikikaa ndani zinavuja, alisema, na zinakula chuma. Tochi ile ya bati aliinunua mjini Baraka mwaka aliokimbia Burundi, na waliomcheka kwa kuibembeleza walikuwa wamekwisha kutupa za kwao tano, sita.

Jumanne ile alikuwa anatoka Lulimba kwa miguu, anarudi kijijini kwake kwenye milima ya Fizi. Katika mfuko wa begani alibeba dawa ya binti yake Chérie, mwenye miaka minne, ambaye malaria ilikuwa imempanda kichwani. Muuguzi wa kijiji, kabati lake tupu, alimwambia waziwazi: usiku huu usipite kabla ya sindano ya kwanza. Simu yao ndogo ilibaki nyumbani, imulike uso wa mtoto. Mwisho wa njia kulikuwa na mto wenye gogo moja la kuvukia, na giza lingemkuta huko. Hakuogopa. Tochi alikuwa nayo.

Saa sita mchana, kwenye kizuizi cha kamba karibu na machimbo, vijana watatu wenye bunduki walimsimamisha.

"Papa, unabeba nini mu kile kitambaa?"

"Mabuye tu, chef."

Neno lilimponyoka. Kwao Burundi, betri ndizo mabuye. Lakini hapa Kongo betri ni pile, na midomoni mwa wachimbaji mabuye ni mawe yenye dhahabu. Ndikuriyo alilijua hilo miaka kumi sasa. Uchovu ndio uliosema.

"Munasikia? Eti mabuye *tu*!" Aliyewazidi wenzake umri alipiga paja. "Leo kuku iko najileta yeye mwenyewe ku sufuria!"

"Ni ya toroshi, chef. Ni pile. Mutoto yangu iko mugonjwa sana, niachilie."

"Kwanza mabuye, sasa pile. Nikingojea kidogo itakuwa mihogo?"

Walifungua kitambaa, wakaziona betri, na bado hawakuamini.

"Nani anafungaka pile sawa mutoto muchanga? Mu hizi muko kitu."

Wakasema dhahabu ya unga imejazwa ndani. Wakamkalisha juani kumngoja chef, kamanda wao, aliyekuwa amekwenda kula. Chef alikuja saa kumi, anachokonoa meno. Akaomba panga, akazipasua betri moja baada ya nyingine. Unga mweusi ukamwagika mchangani. Akaukoroga kwa ncha ya buti.

"Kweli ni pile," alisema. "Pole, papa. Ungesema pile."

Hasira ilimpanda Ndikuriyo. Akaimeza, kwa sababu wao walikuwa na bunduki na yeye alikuwa na mtoto. Akashika mfuko wake, akakimbia.

Alikimbia mpaka njia ikapotea gizani. Alipofika mtoni hakuliona gogo, alisikia maji tu. Mvua ya jana ilikuwa imeyajaza. Alipapasa kwa mikono, akalipata, akapanda. Hatua ya nne mguu uliteleza, akaangukia tumbo, mfuko ukagusa maji. Alirudi nyuma kwa magoti. Alijaribu tena, akarudi tena. Aliita hadi sauti ikakauka, na ng'ambo hapakuwa na nyumba ya kumsikia. Akakaa chini, dawa kifuani, akilitukana lile neno moja usiku kucha.

Kulipoanza kupambazuka aliliona gogo, akavuka kwa hatua tisa. Kwenye mteremko wa kijiji alimwona Cassilde, mdogo wa mke wake, anashuka na kitenge kimefungwa kiunoni.

"Shemeji," alisema Cassilde, "tembea polepole."

"Mutoto?"

"Polepole, shemeji."

"Saa ngapi?"

"Alituacha ku jogoo ya kwanza." Alinyoosha mkono. "Leta, nikusaidie mufuko."

Ndikuriyo hakuuachia. Aliukaza vizuri ili umande usiingie, akampita shemeji yake, akapanda mlima kwa mwendo uleule wa mtu anayewahi.