Leseni ya Kiwanda cha Stamena

Pigo la kwanza Metodi alilipiga kwa ngumi, na Ilija akaangukia meza ya kukatia vitambaa. La pili alilipiga kwa kile chuma kizito cha kukandamizia kitambaa kisiteleze, nalo likatua kwenye mkono wa kulia wa Ilija, mkono unaochora. Vidole vilivunjika kama kuni kavu. Wanawake wa cherehani walipiga mayowe, lakini hakuna aliyethubutu kusogea.

"Umemuuzia nani?" Metodi alifoka. "Sema, mbwa wewe! Nenosiri nilikupa kwa mdomo wangu mwenyewe!"

"Kumu, sijauza kitu," Ilija alisema, damu ikimchuruzika puani. "Naapa kwa mwanao niliyemsimamia ubatizo."

"Usimtaje mwanangu!" Akamshindilia teke la mbavu.

Pale mjini Shtip, kumu wako ndiye aliyesimamia ndoa yako na kumshika mwanao ubatizoni. Wewe na ndugu yako wa tumbo moja mnaweza kununiana mpaka kaburini, watu wakacheka tu. Lakini na kumu hugombani. Metodi alilijua hilo vizuri, na ndiyo sababu hasira yake haikuwa na breki.

Kiwanda cha Stamena kilishona mashati. Programu iliyopanga vipande vya shati juu ya kitambaa ilitegemea faili moja dogo la leseni, na bila faili hilo kazi ililala. Mara ya kwanza faili lilipoonekana likitumika katika karakana ya ng'ambo ya mto, wenye programu walipiga simu kutoka nje, wakaizima leseni ya kiwanda. Stamena mwenyewe alimrushia Metodi kisahani cha majivu ya sigara, kikamchana juu ya nyusi.

"Fundi wa kompyuta gani wewe?" alibwata. "Kila anayekalia kiti pale ananakili leseni yangu anaondoka nayo! Ikitokea tena nakutoa meno!"

Metodi aliona haya, na fundi akiona haya hufanya kazi. Leseni mpya alipoletewa aliiweka chini ya akaunti maalumu. Programu iliisoma kwa niaba ya watumiaji, lakini mtumiaji akijaribu kuifungua mwenyewe alikataliwa papo hapo. Nenosiri la akaunti hiyo walilijua wawili tu: yeye, na Ilija, mkuu wa wachoraji wa mashati, kwa siku ambayo Metodi angeugua. Sasa leseni hii nayo ilikuwa ng'ambo ya mto. Metodi hakuitoa. Alibaki nani?

Ilija alipelekwa hospitali kwa gari la mashati. Metodi alijifungia chumba cha seva, akitafuta ushahidi wa kumfunga kumu wake jela. Alipekua kila rekodi ya akaunti ile. Ilija hakuwahi kuingia hata mara moja. Akapekua upya, akiitukana kompyuta na mama yake aliyeizaa. Ndipo alipofika kwenye folda ya nakala za akiba.

Folda hiyo aliitengeneza mwenyewe. Wachoraji walikuwa na tabia ya kufuta michoro yao bila kukusudia, halafu wanamfuata hata akiwa na chakula mdomoni: "Kaka Metodi, shati langu limepotea, nirudishie." Alipochoka aliiagiza seva inakili kila kitu kila siku, akawafungulia wote wajichukulie wenyewe. Alisema kila kitu, na seva haikubishana naye. Nakala ya leseni ilikuwa imekaa humo, kufuli halikuifuata, na mtu yeyote kiwandani aliweza kuichukua, toka mchoraji mpaka karani wa stoo. Wala aliyeichukua asingejulikana, maana folda haikuandika nani anasoma nini.

Metodi aliizima skrini. Kisha akaenda kumwambia Stamena ukweli, na Stamena akamzaba makofi mpaka kiganja kikamuuma, akamfukuza kazi. Makofi yale hayakumsaidia kitu. Alikuwa akiisikia tu ile sauti ya vidole.

Siku ya Mtakatifu Ilija ilifika jua likiwa kali. Siku ya jina lako, yaani ya mtakatifu uliyepewa jina lake, hualiki mtu na humfukuzi mtu. Unafungua geti, anayeingia ni mgeni. Metodi aliingia kwa Ilija.

Ruzha, mke wa Ilija, alimwekea sahani ya nyama bila kumtazama. Ilija, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta, alimmiminia pombe kali ya rakija kwa mkono wa kushoto, nusu ikamwagika mezani.

"Heri ya jina lako," Metodi alisema, akabaki amesimama. "Sikieni wote. Ilija hakuiba. Leseni niliiacha wazi mimi, kwa ujinga wangu. Nimemvunja mkono bure."

Krume, kaka yake Ruzha, mchinja nguruwe, alimkaba koo mpaka macho yakamtoka. "Niacheni nimmalize hapa hapa!"

"Mwachie, shemeji," Ilija alisema. "Ndani ya geti hili leo hapigwi mgeni."

"Na nje?"

Ilija alimjazia jirani glasi, taratibu. "Nje si kwangu."

"Kumu," Metodi alisema, akikohoa, "nipige wewe. Chukua chochote. Nakuomba."

"Kula nyama. Inapoa."

Metodi angeweza kukaa pale mpaka wanaume walewe na kusinzia. Akainuka, akalivuka geti kwa miguu yake mwenyewe, na nyuma yake akasikia viti vikisukumwa.

Krume alimpiga kichwa cha pua. Wengine wakamwangusha barabarani, wakamkanyaga mbavu na uso, na mmoja akausimamia mkono wake wa kulia na kuusaga kwa kisigino. Metodi hakujikinga. Kwa jicho lililokuwa bado linaona alivitazama viatu vyao, kimoja baada ya kingine, akivitafuta vya Ilija. Kama Ilija angekuja kumpiga, basi wangekuwa bado watu wa nyumba moja, si mwenyeji na mgeni.

Havikuwemo. Kule ndani ya ua Ilija alikuwa akiwakaribisha wageni wengine.