Njia Isiyo na Kilima

"Haina mulima hata moja!" Kyungu alipiga ramani kwa kiganja, sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikaruka. "Muntu alibebaka magunia tatu ya makala ku barabara ya Kasenga, njo ataogopa bahari? Tunaanzia Knokke, tunafika De Panne. Soixante-sept kilomètres, sitini na saba. Tunakula, tunageuka, tunarudia. Siku moja tu."

Walikuwa kumi na mmoja, wote watu wa Lubumbashi wanaoishi Ubelgiji, wamekaa baada ya misa katika mgahawa wa Chaussée de Wavre huku bukari, ugali wa kwao, ikipoa mbele yao. Kila mwaka chama chao kilifanya jambo la pamoja. Mwaka huu waliamua kuendesha baiskeli pwani, wakampa Kyungu kalamu apange njia. Mezani pale ni yeye peke yake aliyewahi kulishwa na baiskeli. Miaka tisa alisukuma baiskeli yenye magunia ya makala, mkaa wa kupikia, mpaka mjini, kabla ya kuja huku kusafisha mabehewa ya tramu.

Macho yote yalimgeukia Hervé. Hervé alikuwa kaka yake Lucienne, mke wa Kyungu, na tangu siku ya posa, miaka ishirini na minne iliyopita, hakuwahi kumwita shemeji yake kwa jina alilopewa na wazazi.

"Makala ameongea," Hervé alisema. Aliinamia ramani, akaiangalia kwa muda, akatabasamu. "Bon. Miye sina neno."

Hapo Kyungu alipaswa kushtuka. Hervé kukosa neno! Huyu ni mtu aliyelaumu keki ya ubatizo wa mwanawe mwenyewe. Lakini Kyungu alikuwa ameshika kalamu, na mtu aliyedharauliwa miaka ishirini na minne akishikishwa kalamu haoni vizuri.

"Na maman Lucienne ataweza?" aliuliza Emmanuella, katibu wa chama.

"Ataweza," Kyungu alijibu.

Lucienne alichota sombe, akala. Alikuwa amejifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na mmoja, kwenye maegesho ya magari huko Ganshoren, na mpaka leo akiona basi linakuja alishuka na kusimama kando. Kyungu alitaka kitu kimoja tu duniani: huyu mwanamke afike De Panne akiwa juu ya baiskeli yake, mbele ya macho ya kaka yake, kwa njia iliyopangwa na mtu wa makala. Baada ya hapo Hervé atafute jina jingine.

Watu wa makala wana sharti lao: humpeleki mwenzako njia ambayo wewe mwenyewe hujaipita. Basi Jumamosi iliyofuata Kyungu alipakia baiskeli yake ya chuma kwenye treni, akashuka Knokke peke yake.

Dakika kumi za kwanza aliimba. Kisha nyumba zikaisha, upepo ukampiga kifuani kama mlango uliofungwa kwa hasira. Aliinama, akakanyaga. Kule Kasenga walihesabu safari kwa vilima, si kwa kilomita, mtu aliuliza, "Imebaki milima ngapi?" na akijibiwa mbili alijua atakula saa ngapi. Kilima kinakutesa, lakini kikiisha kinakulipa mteremko. Kyungu alikuwa ameitazama ramani ya pwani kwa macho hayohayo, akaona tambarare, akacheka. Sasa alikanyaga akingoja kilele, na kilele hakikuja. Kabla ya kufika Blankenberge alishuka akasukuma, mchanga ukisagika menoni mwake, yeye Kyungu ambaye alikuwa akisukuma magunia matatu huku akipiga mluzi.

Vikongwe wawili wa Kizungu walimpita wakitokea upande wa pili. Hawakukanyaga hata kidogo. Walikaa wima, wanapiga soga, mmoja ameshika usukani kwa mkono mmoja na mwingine ameshika aiskrimu. Kyungu aliwatukana kwa Kiswahili, polepole na kwa ukamilifu.

Alimwuliza kwa Kifaransa mzee mmoja aliyekuwa anauza samaki: upepo huu ni wa leo tu?

"Unatoka kule unakoelekea karibu siku zote," mzee alimjibu. "Ndiyo maana watu huanzia De Panne. Ukipita hapa mara moja tu, unajua."

Mara moja tu. Hervé alikuwa amepita mara mbili, pamoja na wenzake wa kazini, na Krismasi aliwaonyesha picha mpaka watoto wakasinzia. Kyungu alilikumbuka lile tabasamu, akaona aibu na hasira vikimpanda pamoja.

Alipofika nyumbani Ganshoren, Lucienne alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi. Alitunza wazee wa Kibelgiji.

"Tunageuza njia," Kyungu alisema. "Kule kuko mupepo..."

"Minajua."

"Unajua nini?"

"Hervé aliniambia dimanche ile ya ramani, ku mulango. Alikuwa anaseka, meno yote inje."

Kyungu alikaa juu ya kiti chenye nguo. "Na ukanyamaza?"

"Emmanuella aliuliza kama nitaweza. Nani alijibu?" Pasi ilipita juu ya kola, ikarudi. "Miye niko na kinywa, Kyungu. Tangu mwanzo minaogopa ile safari, haukuniuliza hata siku moja. Basi nikasema, muache na yeye asikie ile mupepo."

Hilo lilimuuma kuliko upepo. Hakula siku hiyo.

Jumapili, katika mgahawa uleule, alisimama akaigeuza ramani juu chini. "Nilikosea. Tunaanzia De Panne. Na kurudia, haiko. Tutarudia na tramu ya ku bahari."

"Makala imezima!" Hervé alipiga makofi, meza nzima ikacheka. Akanyoosha mkono. "Alors, kalamu. Tangu leo miye njo mbele."

Kyungu alimnyooshea. Hakuiachia. Wakabaki wameishika wote wawili.

"Ulijua mupepo," Kyungu alisema. "Ungeacha dada yako ateseke ju ya kuniseka miye."

"Dada yangu angepanda tramu. Ni weye ndiye unamubeba sawa gunia."

"Dada yako iko na bwana yake!"

"Na bwana yake hana akili!"

"Niko hapa," Lucienne alisema. "Bote babili, niko hapa. Masikio yangu inasikia."

Kalamu ilianguka chini. Hakuna aliyeinama kuiokota. Emmanuella alianza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Kyungu na Lucienne walirudi Ganshoren ndani ya basi moja, viti tofauti. Kyungu alishuka moja kwa moja chumba cha chini, mahali wapangaji huweka vitu vyao, akiwa na kisu mfukoni. Mwezi uliopita alikuwa amefunga fimbo nyuma ya tandiko la baiskeli ya Lucienne kwa mpira wa tyubu, kama walivyofunga kule kwao, ili njia ikiwa ngumu amsukume. Aliifunga bila kumwuliza. Sasa alipiga magoti, akaanza kutafuta mwisho wa ule mpira.

Alisikia viatu kwenye ngazi. Lucienne alikuwa bado na nguo za misa.

Kyungu alitoa kisu. "Niitoe," aliuliza, "ao niiache?"

Lucienne alipandisha kitenge magotini, akaingia katikati ya baiskeli na ukuta, akakaa juu ya tandiko, kisha akaweka miguu yote miwili juu ya pedali, pale pale, baiskeli ikiwa imesimama. Ikaanza kulala kushoto. Kisu kilianguka, Kyungu alikamata fimbo kwa mikono miwili.

"Sijajibu bado," Lucienne alisema bila kugeuka.

Taa ya ngazi, ile inayojizima yenyewe, ikazimika. Hakuna aliyesogea kuiwasha.