Kaseti ya Ushuhuda wa Cédric

Mimi ndiye niliyepeleka ile kaseti. Watu wa Durban wana midomo: wengine watakuambia ni pasta, wengine ni Gosbert, wengine eti ni msichana aliyeachwa. Uongo mtupu. Ni mimi Julienne, msusi, dada yake Cédric wa tumbo moja. Niliifunga kwenye kitambaa safi, nikaitia kwenye mkoba, nikapanda teksi, nikaikabidhi kwa mkono wangu huu. Nisikilize kwanza mpaka mwisho, kunilaumu utanilaumu baadaye.

Cédric alifika hapa mwaka tisini na saba akitokea Uvira, kwa njia ya Kigoma, Malawi na Msumbiji, viatu vimefungwa kwa kamba. Mwaka mzima alilinda magari ya watu kule Pinetown. Anasimama juani na ile fulana yake ya njano, wenye magari wanampita kama nguzo. Jumapili baada ya kanisa alicheza mpira na Wakongomani wenzake pale Albert Park. Na kucheza alikuwa anacheza, hilo hata wasiompenda wanakubali. Akishika mpira kwa ule mguu wa kushoto, beki anabaki kuuliza wenzake amepitia wapi.

Hapo ndipo kocha Gumede alipomwona. Gumede ni Mzulu mnene, mpole, alikuwa anafundisha timu ya koleji moja huko juu mlimani, na mwaka ule wa tisini na nane timu yake ilikuwa inafungwa na kila mtu. Alikuja mwenyewe saluni kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, magoti yanagusa kioo. Akasema koleji itamchukua Cédric kuanzia Januari: chumba cha bweni, chakula, mwaka wa kwanza afundishwe Kiingereza, na barua ya kuombea kibali cha mwanafunzi. Hicho kibali ndicho kilichonitoa machozi. Karatasi zetu za ukimbizi tulizifuata foleni kila mwezi, na kila mwezi hujui kama watakupigia muhuri au watakuambia urudi kwenu. Na kwenu kuna vita.

Lakini palikuwa na jambo. Mwaka uliotangulia mchezaji wao mmoja, mwenyeji wa hapahapa, alimpasua mwanafunzi mwenzake kwa chupa, ndipo ikajulikana kwamba alishawahi kufungwa kabla hawajamchukua. Wazazi wakaja juu. Tangu siku hiyo kila mchezaji anayetoka nje lazima alete barua ya polisi wa kwao inayosema hana kesi. Barua ya polisi wa Uvira, mwezi wa kumi, mwaka tisini na nane. Nilicheka mpaka chanuo likanidondoka. Polisi gani, wakati wiki ile hata sisi hatukujua nani anatawala mji.

"Basi kama barua hakuna," Gumede akasema, "leteni kitu chochote kinachoonyesha yeye ni mtu wa namna gani. Kamati inakaa Jumatano."

Kitu chochote. Ndivyo alivyosema.

Sasa ninyi msiosali kwetu lazima niwaeleze. Kwetu mtu akiokoka anasimama mbele ya kanisa anatoa ushuhuda, anaeleza alikotoka. Na aliyetoka karibu hatumtaki. Ukisimama ukasema zamani ulikuwa unachelewa ibada na kusengenya kidogo, watu watapiga miayo. Lazima dhambi iwe na uzito, ndipo na neema ionekane. Ndugu yetu Peguy alishuhudia kwamba alikuwa anamaliza kreti nzima ya bia kwa siku. Sisi tunamjua Peguy, chupa moja tu inamlaza. Tulimpigia makofi vilevile, kwa sababu kuongeza chumvi si kuharibu mboga.

Ushuhuda wa Cédric wa Pasaka ulishinda wote. Akina mama walilia mpaka vilemba vikafunguka. Pasta Honoré akaurekodi, pamoja na sauti ya ndugu anayetafsiri Kiingereza kwa ajili ya majirani Wazulu, na kaseti zikatembea mpaka Johannesburg. Mimi nikawaza hivi: barua ya polisi hata mwizi anaipata, anajua nani wa kumwona. Lakini nani atasimama mbele ya watu mia tatu ajivue nguo mwenyewe? Cheti gani kinashinda hicho? Nikamuuliza pasta, akasema mama, peleka, Mungu atukuzwe na huko koleji. Cédric sikumuuliza. Nilitaka ajikute tu amepata nafasi.

Jumatano saa nne asubuhi nikaenda. Gosbert, kijana wa Bukoba aliyekuwa golikipa wa timu ya Gumede, alinisindikiza anisaidie kuongea, maana Kiingereza changu ni cha saluni: kaa hapa, inamisha kichwa, inauma? Tulipofika mlangoni akaniuliza, "Dada Julienne, una hakika na hiyo kaseti? Hawa watu hawasali kama ninyi."

"Mdogo wangu," nikamwambia, "wewe daka mipira."

Ndani kulikuwa na watu watatu: mwenyekiti, ambaye ni mzee wa Kizungu mwenye sauti ya chini; mama mmoja wa Kihindi, aliyekuwa msimamizi wa mabweni; na Gumede. Redio kaseti ilikuwa mezani tayari. Nikaitia kaseti mwenyewe, nikabonyeza, nikakaa na kuweka mikono mapajani kama bibi harusi.

Kwaya ikaimba kidogo, kisha ikaja sauti ya Cédric, na nyuma yake sauti ya Kiingereza, sentensi kwa sentensi. Nilikuwa mwizi. Kanisa: amina. Tulikuwa tunasimamisha watu barabarani na mapanga. Kanisa: amina. Siku moja tulimkuta mtu na baiskeli anauza mafuta ya taa, tukampiga, tukachukua mali yake, tukamwacha kando ya njia anapumua kwa shida. Hapo kanisa lililipuka kwa sifa, na mimi, kwa mazoea, nikasema "Amina" kwa sauti mle chumbani. Peke yangu.

Yule mama wa mabweni aliacha kuandika akanitazama. Mzee akanyoosha mkono akaizima redio.

"Bado," nikasema, "Gosbert, waambie bado. Hii ni upande wa kwanza. Kuokoka kuko upande wa pili."

Gosbert akawaambia. Mzee akajibu kwa upole kabisa kwamba wamesikia vya kutosha. Ningependa angekuwa mkali, ningejua namna ya kumjibu.

Gumede alipigana, simnyimi haki yake. Alisema kijana alikuwa mtoto wakati ule, kwenye nchi inayoungua, na kama koleji inataka wachezaji wasio na jana basi ikachukue watoto wa chekechea. Alisema, "Tukimkataa sisi, mnafikiri atakwenda wapi? Atarudi barabarani, na huko hakuna kocha." Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye ana vijana mia mbili wanaolala chini ya paa lake, na mwaka jana yeye ndiye aliyempigia simu mama wa yule aliyepasuliwa. Hataki kupiga simu nyingine. Akanigeukia. "Una watoto?"

Nikasema ninaye mmoja, Gloriose, ana miaka tisa.

"Anaishi na huyu kaka yako?"

"Nyumba moja," nikasema, na nilisema kwa kiburi. "Ndiye anayempeleka shule."

Akatikisa kichwa polepole, nikaona neno limemgusa. Nikapata nguvu. Nikamwambia Gosbert awaeleze kwamba kwetu ushuhuda unaongezwa, kwamba nusu ya yale ni chumvi, Cédric aliiba baiskeli tu. Gosbert akanitazama kama anayeniomba nifikirie kwanza, lakini akatafsiri. Mzee akauliza, "Kwa hiyo alidanganya kanisani?" Nikisema ndiyo, ni mwongo. Nikisema hapana, ni jambazi. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, lakini wa kwangu ulikuwa unaponza kichwa cha mwenzangu. Wakasema Cédric aje mwenyewe Ijumaa, ajibu swali moja tu: yaliyomo kwenye kaseti ni kweli au si kweli. Wakimridhia, nafasi ni yake.

Nilimkuta nyumbani jikoni, anakatakata sombe, yaani kisamvu, ile fulana ya njano ameitundika mlangoni. Nikamwambia yote. Nilitegemea anipigie kelele, na mimi nilikuwa nimejiandaa kulia. Alifuta kisu, akakiweka.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "uliipeleka kweli?"

"Niliipeleka. Nimekosa, nisamehe. Sasa sikiliza, Ijumaa useme uliongeza. Kila mtu anaongeza. Peguy naye si aliongeza? Sema ni desturi, useme ulikuwa unataka watu wafurahi. Pasta nitamwelewesha mimi."

"Sikuongeza."

"Cédric, huu si wakati wa utakatifu."

"Sikuongeza, Yaya. Nilipunguza."

Nikakaa juu ya ndoo. Akaniambia akiwa amesimama, bila kunyanyua sauti, kama mtu anayesoma mita ya umeme. Yule mwenye baiskeli hawakumwacha anapumua. Alikuwa mtu wa mtaani kwetu, nami ningemkumbuka kama angenitajia jina, ndiyo maana hakunitajia. Walipomwangusha alimtambua Cédric, akamwita jina lake, akamwambia mtoto wangu, si wewe uliyekula kwangu juzi. Na wale wenzake wakasema huyu anakujua wewe, si sisi, basi mmalize wewe. Alikuwa na miaka kumi na sita.

"Na ukammaliza?"

"Alikuwa ananijua, Yaya."

Akachukua kisu akaendelea na sombe, kwa sababu mtoto alikuwa karibu kurudi na lazima ale. Nikawa natazama vile vidole vyake, jinsi vinavyokusanya majani.

Baadaye aliniuliza swali, na ndilo lililobaki na mimi. "Kama bweni lingekuwa la kwako, ungenichukua?"

Nikamwambia, "Usiulize upuuzi, wewe ni damu yangu." Akasema sawa. Sote wawili tulisikia kwamba sikujibu.

Alhamisi sikufungua saluni mapema. Nyumba yetu ni chumba kimoja na sebule. Cédric alikuwa analala sebuleni kwenye sofa, na Gloriose kwenye godoro lake chini, pembeni yake, tangu mjomba alipofika. Walikuwa wanapiga hadithi mpaka mtoto anasinzia. Mtoto alipokuwa shuleni nikaanza kulivuta lile godoro kuelekea chumbani kwangu. Nilikuwa nimeshapanga la kusema: dirisha la sebule linaingiza upepo, mtoto ana mafua. Lilikuwa zito, likakwama mlangoni. Nikavuta, nikasukuma, nikalitukana, halikupita.

Nikasikia mlango wa nje. Nilidhani ameshaondoka zamani kwenda Pinetown, kumbe alikuwa amesahau karatasi yake. Alisimama akalitazama godoro, na mto wa Gloriose juu yake. Upepo wa dirishani sikuutaja. Niliona aibu hata ya kudanganya.

"Liinue hivi, ubavu," akasema. "Litapita."

Akashika mwisho mmoja, mimi nikashika mwingine, tukaliingiza. Akalisukuma mpaka ukutani, akalinyoosha shuka vizuri, akatoka.

Ijumaa Gosbert alikuja saa tatu kumchukua, amevaa tai. Cédric alikuwa ameshaondoka alfajiri na ile fulana ya njano. Gosbert akaniuliza sasa awaambie nini wale watu wa kamati. Nikamwambia awaambie hatakuja.