Kuni za Ukingoni

"Mfereji mbona kimya?"

Mama mkwe wangu, Choezom, aliuliza huku mkono wake umesimama juu ya bakuli la unga wa shayiri iliyokaangwa, tunaoukanda kwa chai na kuula. Mvua ilikuwa inapiga tangu asubuhi, na mfereji wetu wa mbao, unaotoa maji ya paa na kutokeza ukutani juu ya zizi, ulipaswa kuwa unamwaga maji kwa kelele. Nilikuwa na miezi mitatu tu katika nyumba ile.

Kwetu milimani paa ni bapa, la udongo ulioshindiliwa, na ukingoni tunapanga kuni. Zinaukinga ukuta na mvua, na wapita njia huzitazama wakajua mke wa nyumba hiyo ni mchapakazi au mvivu. Mume wangu alipopeleka yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, malishoni, nilizipanga hadi usawa wa kifua, nikazibana ukingo mzima pasipo pengo. Majirani walinisifu. Nililala nikitabasamu.

Sasa tone likaanguka jikoni. La pili likatua kwenye blanketi la baba mkwe. Alikuwa amevunjika mguu, amelazwa ghorofani chini ya nguzo ya kati inayobeba paa, na ngazi yetu ya kushukia ni gogo moja lililochongwa vidato. Nani angemteremsha? Nguzo ikalia kama goti bovu. Vumbi likamwagikia kitambaa cheupe kilichofungwa pale siku ya harusi yangu.

"Huyu mkwe kaleta kuni za kupikia kijiji kizima," mzee akasema, macho darini. "Hata maji yamekosa pa kupita."

"Nyamaza, mzee. Mwanangu, uliacha nafasi ya mfereji?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Sikuacha, mama."

Hakunigombeza. Aliikumbatia nguzo kwa mikono miwili. "Basi panda. Kanyaga pembeni, juu ya ukuta. Katikati usitie mguu."

Nilitambaa. Katikati ya paa palikuwa na ziwa la rangi ya chai. Niling'oa kuni, nikazitupa uani moja moja, kucha zikitoka damu, nikisubiri kusikia paa likiporomoka, mpaka mkono ukagusa ubao. Mfereji ukakohoa, ukatema tope, kisha ukanguruma.

Niliposhuka, Choezom alikuwa bado ameikumbatia nguzo. Mzee alikuwa anamlisha unga kwa vidole, maana mama hakutaka kuiachia.

Siku hizi kuni hupangwa na mke wa mjukuu wangu. Pengo huacha, dhiraa nzima, nimelipima mwenyewe. Hata hivyo mvua ikianza naweka bakuli chini, nasikiliza.

"Bibi, chai inapoa."

"Ngoja kidogo," namwambia.