Laini Isiyonyooka

Uligeuza uso. Usinikatalie, nilikuona: Hared anatolewa nje na magodoro yake, wewe unachungulia sufuria ya uji kana kwamba umedondosha pete ndani.

Mara tatu mpambe wa landilodi alizipata siri za mikutano yetu ya maji. Mara tatu alionekana akinong'ona mlangoni, ila mlango wa nani, hakuna aliyejua. Waruguru alisema ni kati ya choo na stoo ya makaa. Bi Mgeni, kati ya stoo na bomba. Okoth, kati ya bomba na choo.

Kinyanjui, anayesoma hesabu chuo kikuu, akachora mstari mchangani.

"Wazee, kuna kitu kinaitwa supakompakti. Nafasi unaigawa kwa vipande ulivyochagua. Vikigusana viwili viwili, basi vyote vina mahali pamoja pa kukutania. Hivi vyetu vinakutania stooni."

Mlango wa stooni ni wa Hared.

"Si nilisema!" Ngigi wa kamati ya maji akaruka. "Sokoni Kiamaiko anauza mbuzi, hapa anatuuza sisi."

"Mbuzi wangu hawana mdomo kama wako, Ngigi," Hared akajibu.

Kamati ikamtoa, ikatia mlango wake kufuli.

Kesho yake Kinyanjui akaja mbio. "Nimekosea! Hapa tunapaita laini, nami nikachora laini iliyonyooka. Lakini nyumba zimezunguka uwanja! Kipande cha Okoth kinapita getini, stoo hakiigusi. Hakuna mlango ulio ndani ya vyote vitatu."

"Kwa hiyo hesabu yako ni ya uongo?" akauliza Salme, jirani yetu.

"Hesabu ni kweli, mama. Hata duara ni supakompakti, ila si kwa vipande hivi walivyoona mashahidi madirishani. Hivyo ndivyo nilivyochagua vibaya. Msaliti hawezi kuwa mlango mmoja. Ni wawili, au zaidi."

Kila mtu akamtazama jirani wa kulia, kisha wa kushoto.

"Wacha kufuli likae," Ngigi akasema. "Tukilitoa hapo, tutamfungia nani?"

Nawe ukaitikia kwa kichwa. Kwa nini, hasa? Ulikuwa unaogopa mlango gani?

Hared na mkewe Falis wamejibanza kwenye baraza la msikiti, vyombo vyao vinanyeshewa. Ufunguo Ngigi kauficha. Nyundo ninayo mimi. Weka chini hiyo sufuria, toka nje sasa hivi, ushike nyundo tulivunje kufuli hilo.