Sauti ya Kumi na Saba

Jumatano moja, saa kumi kasoro robo alasiri, Mwero alitoa chapati mbili alizokuwa amezihifadhi kifuani tangu asubuhi, akazila kwa maharagwe. Zilikuwa za moto bado. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la mabati pale Ukunda, na feni ilikuwa imekufa tangu Ramadhani, ingawa feni isingemfaa kitu. Joto la Mwero lilikuwa la ndani, chini ya mfupa wa kidari, pana kama kiganja. Mwaka huu lilianza kuyeyusha vifungo vya mashati, akaenda kwa fundi kushonewa vya kifuu cha nazi. Hivyo vilihimili.

Joto lile alipewa na mama yake, miaka saba iliyopita, nyumbani kwa wakwe huko Kisauni, siku ya kuposa. Maneno yalipokwisha na kahawa ikanyweka, Bi Mishi aliinuka, akajifunga leso vizuri, akasema kwa Kidigo chake, "Phahi, huphiye." Ile *ph* ya Wadigo si *p* wala si *f*. Midomo miwili hukaribiana bila kugusana na pumzi ikapita katikati, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Siku hizo Mwero alikuwa mwalimu wa Kiswahili chuoni, mtu wa kusahihisha hata vibao vya vinyozi. Aliwaona wakwe wakitazamana, akacheka.

"Msimshangae mama, hiyo ni lugha ya shamba," alisema. "Mama, sema: basi, twende."

Wakwe wakacheka pia, kwa adabu. Ulimi hauna mfupa, na ule wa Mwero siku hiyo haukuwa hata na haya. Bi Mishi alimtazama mwanawe kifuani, pale kicheko kilipotokea, akasema kwa Kiswahili safi ili kila mtu aelewe, "Hicho kifua kikuwakie."

Kikawaka. Ndoa yenyewe haikutimiza mwaka.

Daktari mmoja alimpima akakuta kwapani hana homa, kifuani nyuzi arobaini na mbili. Alimwandikia panadol na kumkataza nailoni. Alimweleza pia, bila kumficha, kwamba moyo ni nyama kama nyama nyingine, na nyama ikikaa motoni miaka na miaka mwisho wake huiva. Tangu siku hiyo Mwero alikuwa akiamka alfajiri na kujinusa.

Dawa ilijulikana. Neno la mzazi huondolewa na mzazi aliyelitamka. Huchukua maji mdomoni, akampulizia mwanawe kifuani, akasema, "Phola, phola." Kuphola ni kupoa, na kuphola ni kupona, Wadigo hawakuona haja ya kuyatenga mambo hayo mawili. Ila Bi Mishi hakuwa tayari, na hasira ya mama haiombwi kwa haraka. Mpaka Jumatatu ile, akiwa na miaka sabini na sita na kikohozi kisichotaka kumwacha, alipomtumia mwanawe ujumbe wa sauti kutoka Mwabungo.

"Njoo Ijumaa baada ya sala nikuphoze. Nikifa na neno langu, hutapata wa kukuondolea."

Mwero aliusikiliza mara kumi na mbili. Kisha akarudi kazini, maana kazi nayo ilikuwa imemkaba.

Alikuwa ameacha ualimu. Sasa alitunga sauti za lugha isiyokuwepo. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa ikitengeneza mchezo wa simu kuhusu watu wanaoishi chini ya bahari, na watu hao walihitaji lugha. Maneno na maana vingetungwa na wengine. Mwero alipewa sauti tu. Masharti yalikuwa irabu tano, konsonanti kumi na saba, kila silabi iishie kwa irabu, na kusiwe na kitu kigumu kinachokwaruza koo, kwa kuwa watu hao huzungumza ndani ya maji. Mkataba ulisema pia kwamba kila sauti itakayopokelewa itakuwa mali ya kampuni peke yake. Mwero alitia sahihi kama watu wanavyotia sahihi, kwa kutafuta mstari ulipo.

Jedwali lake lilikuwa limerudishwa mara tatu. Mara ya kwanza walimwambia linafanana na Kiswahili, mara ya pili Kiarabu, mara ya tatu walisema tu kwamba halijawagusa. Alikuwa na sauti kumi na sita. Katika safu ya midomo palikuwa na pengo, na alilitazama pengo lile hadi akaliota.

Jumatano hiyo maharagwe yalikuwa ya moto. Mwero alichota kijiko, akakipuliza, na midomo yake ikaitoa ile sauti yenyewe, bila kuombwa. Alikiweka kijiko chini. Akaufungua ujumbe wa mama yake, akakata kipande kidogo katikati ya neno "nikuphoze", akakisafisha kelele za kuku, akakipachika penye pengo. Saa kumi kamili alituma faili.

Jibu lilikuja kabla hajaosha sahani. Lilitoka kwa Rispah, msichana wa bara aliyeisimamia kazi ya kampuni kutoka ofisi ndogo pale Diani.

"Mwalimu, umeua! Wanasema hiyo ya kumi na saba hawajawahi kuiskia popote duniani."

Mwero alifurahi. Nyuma ya furaha palikuwa na kitu kinachotambaa, lakini hakugeuka kukiangalia.

Saa hiyo hiyo, kutoka Tiwi hadi Msambweni, sauti ile iliondoka midomoni mwa watu. Sauti jirani zake zilibaki: *p* ilikuwepo, *f* ilikuwepo, hata *v*. Kilichokosekana ni ile ya katikati. Pale Mwabungo, Chirau muuza chai aliona wateja wake wakichuchumaa mbele ya vikombe na kuvitazama, kwa kuwa midomo ilikataa kupuliza. Wanawake walipepea majiko kwa vipande vya katoni. Waliotaka kusema "huphiye" walisema "huiye", na waliojaribu kuziba pengo kwa *p* walijibiwa kwa Kiswahili. Chifu alitoa tangazo kwamba wenye watoto wadogo wasiwape uji kabla haujakaa nusu saa. Hakuna aliyepiga ukelele. Watu wa pale walikuwa wameshazoea vitu kuondoka. Njia za kushukia baharini zilikuwa zimetiwa mageti moja baada ya jingine, na hii ilikuwa midomo tu.

Mwero alilijua hilo Alhamisi asubuhi, alipojaribu kupuliza chai yake. Alijaribu mara ya pili mbele ya kioo. Midomo ilikaribiana vizuri kabisa na pumzi haikupita. Alikaa kitandani, kifua kikimchoma mpaka mgongoni, akajiambia kwamba huenda mayo yake, kama Wadigo wamwitavyo mama, kwa utu uzima wake, amesazwa.

Ijumaa baada ya sala alifika Mwabungo. Bi Mishi alikuwa ameketi ukumbini na kata ya maji mapajani.

"Shikamoo, mayo."

"Marahaba, mwanangu. Vua shati."

Alivua. Bi Mishi alichota maji, akayajaza mdomoni, akamkaribia. Maji hayakuruka. Yalimchuruzika kidevuni yakalowesha leso. Alijaribu tena, yakachuruzika tena. Basi akayameza yaliyobaki, akaamua kutumia neno peke yake.

"Ola," alisema, na papo hapo akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kuola ni kuoza. Kati ya kupona na kuoza, katika lugha ile, hakukuwa na kitu kingine ila pumzi moja ya midomo. Mwero alisikia mahali fulani chini ya mfupa pakilegea kama papai lililopitiliza. Walingoja. Neno lilikuwa limetamkwa mara moja tu, na lingetaka mara mbili. Liliacha doa la ukungu la kijani, dogo, upande wa kushoto. Bi Mishi alilifuta kwa ncha ya leso, huku akilia.

"Jaribu Kiswahili, mayo," alisema Mwero. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Poa," alisema Bi Mishi. "Poa, mwanangu. Poa."

Nje, vijana wawili wa bodaboda walikuwa wakipishana. "Mambo?" "Poa." "Mzee?" "Poa tu." Neno lilikuwa limekwisha makali kwa kusalimiana. Mwero alitoka jasho kidogo, basi.

Bi Mishi alirudi mkekani. "Sijui kinywa changu kimeingiwa na nini," alisema.

"Ni mimi, mayo. Ile sauti nimeitoa. Nimeipeleka kwenye ile kazi yangu, wameichukua."

Bi Mishi aliikamua leso iliyolowa. "Ile uliyonicheka?"

"Ile ile."

"Na sasa ni nzuri?"

Mwero aliokota shati lake, akalivaa.

Jumatatu alikwenda Diani kwa Rispah. Rispah alimpa kiti karibu na kiyoyozi, akamsikiliza mpaka mwisho, akaguswa kwa dhati. Hata yeye, alisema, tangu wiki jana mwenye nyumba wake alikuwa akiongea kama mtu aliyeng'olewa meno.

"Lakini ishasajiliwa, mwalimu. Kuitoa sasa ni kama kutoa mayai kwa keki." Alipekua mkataba kwenye kompyuta. "Ngoja. Kuna njia moja. Wanatafuta sauti ya malkia, mtu mzima. Msanii akiwa ndani ya studio anaruhusiwa kutumia sauti zote. Ndani ya studio tu, lakini. Si umlete mathe?"

Bi Mishi aliletwa Jumatano. Alivaa leso mpya na akavishwa vipokea sauti juu ya mtandio. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa sponji, na Mwero aliruhusiwa kusimama mbele ya mama yake ili amsomee orodha. Mlango ulipofungwa, Bi Mishi alijaribu midomo yake polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika.

"Phahi," alisema. Akatabasamu, na Mwero akaona jinsi alivyokuwa msichana.

Aliomba maji. Rispah, kutoka upande wa pili wa kioo, alisema samahani sana, maji hayaruhusiwi karibu na mitambo. Wakaendelea hivyo hivyo. Bi Mishi alisoma silabi moja baada ya nyingine bila kosa. Ya arobaini na moja ilikuwa neno ambalo Mwero aliliongeza kwa mkono wake alfajiri.

"Hili linamaanisha nini?" aliuliza Rispah.

"Halijapewa maana," alisema Mwero. "Wataliamua huko."

Akafungua vifungo vyake vyote. Bi Mishi alimtazama kifuani, pale pale alipopatazama Kisauni miaka saba nyuma, akavuta pumzi yote aliyoachiwa na kikohozi.

"Phola," alisema. "Phola, mwanangu. Phola."

Maikrofoni, iliyokuwa kati yao, ilitoa umande. Sponji yake ililowa ikaanza kudondosha matone, na waya ukashika baridi mpaka ukutani. Upande wa pili wa kioo Rispah alijifunga sweta na kupanguza kompyuta kwa tishu. Mwero aliweka kiganja chini ya mfupa akangoja. Palikuwa pa moto.

"Je, imefika?" aliuliza Bi Mishi.

"Bado, mayo."

"Nirudie?"

"Hapana, mama, hiyo ni safi kabisa, haturudii," alisema Rispah. "Neno 'mwanangu' tutalikata. Asante sana."

Mlango ukafunguliwa. Bi Mishi aliaga watu wote vizuri, na alipofika ngazini midomo yake ilikuwa imeshaikosa tena ile sauti.

Mchezo ulitoka miezi mitano baadaye. Watunga maneno walikuwa wamelipa lile neno kazi ya kuamuru vita. Malkia akilitamka, askari wa chini ya bahari hushambulia. Wachezaji wa nchi nyingi waliandika kwamba hapo ndipo wanapopapenda zaidi. Chumba huingia ubaridi mtamu, walisema, na mambo waliyokasirikiana na watu yanawatoka. Mwanamke mmoja wa nchi ya mbali aliandika kwamba alipona kipandauso. Kampuni ilimtumia Mwero barua ya shukrani na jedwali jipya tupu, la watu wa angani.

Kila siku baada ya alasiri Mwero huenda Mwabungo. Mama yake yu hai na kikohozi chake kiko. Njiani Mwero hupita mbele ya nyumba za jirani ambamo watoto wameinamia simu, na kutoka madirishani huisikia sauti ya mayo yake, *phola, phola*, na watoto wakiiga wanasema *ola*, na mama zao wanawapiga kibao cha mdomo. Halafu huketi ukumbini. Chirau huleta chai, na kwa kuwa haipulizwi, huachwa ikae. Wakizungumza husahau, na ya Bi Mishi hupoa kabisa, ikafanya utando juu.

"Shika, mwanangu," husema Bi Mishi, na kumpa kikombe.

Mwero hufungua vifungo viwili vya kifuu, akakiweka chini ya mfupa, akakishikilia hapo. Chai ikianza kutoa moshi humrudishia mama yake, naye Bi Mishi huikaribia kwa midomo, akakumbuka, akaiweka chini ingoje kupoa.